Sumaku za mota zinapotelea kwenye tanuru la nondo

Mota ya boda boda ya umeme ikiungua Nairobi, kila fundi anajua pa kuanzia. Shaba inavuliwa, kasha la alumini linawekwa kando, na pete ya chuma iliyobandikwa sumaku kwa ndani inarushwa kwenye rundo la skrapu, ikingoja lori la kuipeleka kuyeyushwa iwe nondo. Ndani ya tanuru, neodimi na wenzake, yaani madini adimu yanayoipa sumaku nguvu, hushika oksijeni upesi kuliko chuma, hupanda juu pamoja na mavi ya chuma, kisha huchotwa na kumwagwa. Nondo haikuongezeka ubora, fundi hakulipwa chochote kwa ajili yake, na hakuna daftari lolote nchini linaloonyesha kwamba madini hayo yaliwahi kuwepo.

Msimamo wangu ni huu: sumaku hizo zitengwe kabla hazijafika kwenye tanuru la chuma, na nusu ya kwanza ya kazi ya kikemia ya kuzichakata ifanyike hapa hapa Nairobi. Nusu ya pili, ile ya kutenganisha madini yenyewe kwa yenyewe, tusiikimbilie. Na asipewe leseni mtu yeyote ambaye hajaonyesha maji yake ya asidi yataishia wapi.

Tuelewane kwanza kuhusu sumaku zenyewe. Sizungumzii zile nyeusi, nzito, za nyuma ya spika. Hizo ni za feraiti, yaani oksidi ya chuma iliyochanganywa na stronti au bari. Ni za bei ya chini mno, na kuzimwagia asidi ni hasara tupu. Ninazungumzia sumaku za neodimi, chuma na boroni, zilizogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na pande mbili zilizofanya kazi bila kushirikiana: Masato Sagawa wa Sumitomo Special Metals huko Japani, na John Croat wa General Motors huko Marekani. Atomi 2 za neodimi, 14 za chuma, 1 ya boroni. Kwa uzito, sumaku ya kiwandani huwa na takriban asilimia 30 ya madini adimu, na karibu yote yaliyosalia ni chuma. Zile zinazofanya kazi kwenye joto kali huongezwa disprosi au terbi kidogo ili zisipoteze nguvu, na hicho kidogo ndicho ghali kuliko vyote.

Nairobi zimo mahali pengi kuliko tunavyodhani. Zimo kwenye magurudumu ya boda za umeme, kwenye lifti zisizo na giaboksi za majengo mapya ya Upper Hill na Westlands, kwenye mota za mashine za kutengeneza plastiki za Industrial Area, ndani ya diski ngumu (hard disk) zinazotupwa na maofisi kila yanapobadilisha kompyuta. Hata vinu vya unga huwa na sumaku kali za kunasa vipande vya chuma kabla havijaingia kwenye pakiti. Mtu anaweza kudhani kwamba hazina kubwa zaidi iko kwenye mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana kule Marsabit. Haiko huko. Ile ni mitambo ya Vestas aina ya V52, na jenereta zake zinazalisha umeme kwa koili za shaba, si kwa sumaku za kudumu. Hazina yetu iko barabarani, na inazidi kukua kila pikipiki mpya ya umeme inapouzwa.

Kwa nini tujali sasa? Kwa sababu takriban asilimia 90 ya usafishaji wa madini haya duniani, na sehemu kama hiyo ya utengenezaji wa sumaku, iko Uchina. Japani ilionja makali ya jambo hilo mwaka 2010 ilipogombana na Beijing, na mwaka uliofuata bei ya disprosi ikapaa. Aprili 2025 Uchina iliweka masharti ya kibali kwa usafirishaji wa aina 7 za madini adimu, zikiwemo samari, disprosi na terbi, pamoja na sumaku zinazotumia madini hayo. Wiki chache baadaye viwanda kadhaa vya magari nje ya Uchina vilisimamisha kazi kwa kukosa sehemu ndogo zenye uzito wa gramu tu. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya madini muhimu ya mwaka 2024, umejiwekea lengo kwamba kufikia 2030 urejelezaji utosheleze robo ya mahitaji yake ya kila mwaka ya malighafi hizo za kimkakati. Wanunuzi wapo, na wanatafuta kila mahali.

Kemia ya kurejeleza sumaku haikubuniwa kwa ajili ya mota kuukuu. Ilibuniwa kwa taka za viwandani. Kiwanda cha sumaku kinapokata na kusaga vipande vifikie kipimo, kati ya asilimia 20 na 30 ya malighafi inaweza kugeuka unga. Unga huo umejaa mafuta ya mashine, umeanza kupata kutu, na ukikauka unaweza kushika moto wenyewe. Hauwezi kurudishwa moja kwa moja kwenye kalibu. Kwa miaka mingi sasa viwanda vya Uchina, hasa vya eneo la Ganzhou mkoani Jiangxi, vimekuwa vikiukusanya, vikiuchoma, vikiuyeyusha kwa asidi na kutoa upya madini yaliyomo. Sisi hatuna kiwanda cha sumaku, kwa hiyo hatuna unga huo. Lakini sumaku kuukuu iliyosagwa haina tofauti kubwa na huo unga machoni pa mwanakemia, na haina mafuta mengi.

Tatizo letu linaanza kabla ya maabara. Nimesimama kwenye kibanda kimoja Kariobangi Light Industries nikitazama pete ya mota ikifunguliwa. Sumaku bapa, za urefu wa kidole, zilikuwa zimepangwa ubavu kwa ubavu kuzunguka pete nzima, zimegandishwa kwa gundi ngumu. Fundi aliingiza bisibisi chini ya moja, ikapasuka, na kipande kikarukia nyundo na kung'ang'ania pale. Juu ilikuwa na ngozi nyembamba ya nikeli inayong'aa. Palipovunjika palikuwa pa kijivu kama jiwe bichi. Alinionyesha nyingine iliyokaa nje msimu wa mvua, imekwisha kumomonyoka, ukiigusa inaacha unga mweusi kwenye vidole. Akauliza kilo ni pesa ngapi.

Kilo haina bei. Shaba ina bei inayojulikana kuanzia Gikomba hadi Kirinyaga Road, alumini ina bei, betri iliyokufa ina bei, hata plastiki ngumu ina mtu wa kuipima. Sumaku haina mnunuzi anayeiulizia kwa jina, na kitu kisicho na bei jua kali halikihifadhi. Ndiyo maana sioni faida ya kuanza na mipango ya kiwanda kikubwa. Anayetaka kuanza leo aanze kwa kuning'iniza kibao chenye bei ya kilo moja ya sumaku safi, bila chuma wala gundi, na alipe taslimu. Kazi ya kuzitenganisha si ngumu: pete ikiingizwa kwenye oveni yenye joto la nyuzi 350 hivi, nguvu ya sumaku inaisha, gundi inaungua, na vipande vinaachia bila kubana vidole vya mtu. Moshi wa gundi ni sumu, kwa hiyo oveni iwe na bomba na kichujio. Isifanyiwe kazi hiyo juu ya jiko la makaa nyuma ya kibanda.

Sasa kemia yenyewe, kwa sababu hapo ndipo mradi wowote utakapofaulu au kuwa janga.

Adui wa kwanza ni chuma. Ukichukua tani 1 ya sumaku na kuitumbukiza yote kwenye asidi ya salfuriki, una takriban kilo 680 za chuma na kilo 300 za madini adimu. Kuyeyusha vyote kunahitaji karibu tani 1.5 ya asidi, na kilo 1,200 hivi za hiyo asidi zinaliwa na chuma usichokihitaji. Kinatoka pia hewa ya hidrojeni, kilo 30 hivi, ambayo ndani ya jengo lisilopitisha hewa ni bomu. Mwisho unabaki na chumvi ya kijani ya chuma ambayo ikigandishwa inazidi tani 3. Tani 1 imeingia, tani 3 za taka zimetoka. Mtu akikuletea mpango wa namna hiyo na kuuita wa kijani, mwambie arudi akapige hesabu upya.

Njia ya busara inaanza na moto. Sumaku zikisagwa na kuchomwa penye hewa kwenye nyuzi 700 hadi 900, kila kitu kinageuka oksidi. Oksidi ya chuma ni mkaidi mbele ya asidi hafifu, ilhali oksidi ya neodimi inayeyuka bila shida. Asidi hidrokloriki ikiongezwa kidogo kidogo, ikidhibitiwa isizidi ukali, inachota madini adimu na kuacha sehemu kubwa ya chuma chini kama tope jekundu. Kwa hesabu ya karatasi, madini adimu ya tani nzima yanahitaji kilo 230 hivi tu za asidi hiyo ikiwa safi. Kiwandani itazidi, lakini haitafika popote karibu na ile tani 1.5. Chuma kidogo kilichoponyoka kinaondolewa kwa kupunguza asidi kwenye maji hadi kitulie chini chenyewe. Baada ya hapo asidi ya oksaliki inayagandisha madini adimu yawe mashapo, mashapo yanachujwa na kuchomwa, na unapata oksidi iliyochanganyika ya neodimi, praseodimi na disprosi kidogo.

Ipo njia nyingine inayonivutia kwa sababu ya mahali tulipo. Watafiti wa Ofisi ya Madini ya Marekani walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba, madini adimu yakiwa kwenye asidi ya salfuriki, ukiingiza sodiamu yanajifunga nayo na kutulia chini kama chumvi pacha, huku chuma kikibaki kwenye maji. Asidi ya salfuriki inatengenezwa Thika. Sodiamu tunayo tele Ziwa Magadi, ambako magadi yamechimbwa kwa zaidi ya karne moja. Udhaifu wake ni kwamba chuma chote kinayeyushwa kwanza, na tumekwisha kuona gharama yake. Lakini kama inaweza kuunganishwa na hatua ya kuchoma ili kupunguza chuma, ni jambo ambalo wanakemia wa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, au wa KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, wanaweza kulipima kwa kilo chache za sumaku na bajeti ndogo. Ningependa kuona shahada ya uzamili ikitolewa kwa kazi hiyo kabla ya kuona hoteli ikikodiwa kwa kongamano la madini muhimu.

Kuna teknolojia ya tatu, ya Chuo Kikuu cha Birmingham, inayotumia hidrojeni kuzisambaratisha sumaku ziwe unga bila asidi kabisa. Ni safi na ni nzuri. Ila unga wake unafaa kurudi kwa mtengenezaji wa sumaku, na kwa sasa huyo hatunaye.

Kwa nini nasema tuishie nusu ya njia? Neodimi na praseodimi ni majirani wanaofanana mno kikemia. Kuvitenganisha na disprosi, kisha kusafisha kila kimoja, kunafanywa kwa kupitisha maji yake kwenye matangi mengi yaliyopangwa mfululizo, yenye mafuta ya taa yaliyochanganywa na kemikali maalumu, na mtambo huchukua muda mrefu kutulia kabla haujaanza kutoa kitu safi. Baadaye oksidi inageuzwa metali kwa umeme ndani ya chumvi za floraidi zilizoyeyuka kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,000. Mtambo wa aina hiyo unataka maelfu ya tani ili ujilipe. Nairobi, hata ikikusanya na za Kampala na Kigali, itaanza na makumi ya tani. Atakayejenga mtambo kamili leo atafilisika, na matangi yake yataachiwa jirani.

Nitaambiwa kwamba kuuza oksidi iliyochanganyika ni kuuza malighafi kama kawaida yetu. Sikubali. Leo tunatoa bure kitu chenye thamani. Tukifika kwenye oksidi tutakuwa tumekwisha kuondoa thuluthi mbili na zaidi ya uzito usiolipiwa, na, kubwa zaidi, tutakuwa tumepima wenyewe kilichomo. Tanzania ilipozuia makontena ya makinikia, yaani mchanga wa madini, Machi 2017, ugomvi wote ulikuwa juu ya swali moja: ndani mna nini na kiasi gani? Maabara yenye kifaa cha kupima disprosi kwa usahihi, ikiwa mikononi mwa umma, ina thamani kuliko lango lolote la kiwanda. Gunia la sumaku za lifti lenye disprosi nyingi lisichanganywe na la diski ngumu kisha likauzwa kwa bei ya lile duni.

Wengine wanasema tusihangaike na taka wakati tuna Mrima Hill kule Kwale. Mlima ule una madini adimu na niobi kweli. Una pia thori, na mionzi yake ya asili inajulikana tangu zamani. Una kaya takatifu ya Wadigo na msitu wake. Leseni iliyokuwa imetolewa ilifutwa mwaka 2013, na kesi ya mwekezaji katika mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikatupwa mwaka 2018. Madini adimu kwenye mwamba wake hayafiki asilimia 5. Kwenye sumaku ya boda ni asilimia 30, na hakuna thori hata chembe, kwa sababu iliachwa nyuma kule yalikochimbwa. Wenyeji wa Mrima wanastahili kujadiliwa nao bila haraka. Sumaku hazihitaji kumhamisha mtu yeyote.

Lakini neno "kurejeleza" lisitupumbaze. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kimoja kilikuwa kikirejeleza betri. Madini ya risasi yaliingia kwenye damu ya watoto, watu wakafa, na wakazi wakalazimika kwenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikatenguliwa kwenye rufaa, na ni Desemba 2024 tu Mahakama ya Juu ilipoirejesha. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa miaka kumi kabla. Phyllis Omido, aliyewaongoza, alitishwa na kukamatwa kabla dunia haijamtunuku. Nikifikiria mtambo wa asidi Industrial Area, naufikiria nikiwa nimesimama upande wa chini wa Mto Ngong, Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, ambako watu wanaishi hatua chache kutoka kwenye maji hayo.

Kwa hiyo masharti yawe haya, na yaandikwe kwenye leseni yenyewe. Maji ya asidi yazunguke ndani ya mtambo na yasiwe na bomba la kwenda mtoni hata kidogo. Tope jekundu la chuma liwe na mnunuzi aliyetia sahihi, kiwanda cha saruji au cha rangi, kabla ya tani ya kwanza kuchomwa. Mwenye mtambo aweke amana ya fedha ya kusafisha eneo, ishikiliwe nje ya uwezo wake, ili akitoroka usiku asituachie bili. Wakazi wa mtaa wa karibu wapewe matokeo ya vipimo vya maji kila mwezi, yabandikwe kwa chifu, kwa Kiswahili. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ina uwezo wa kudai haya yote chini ya sheria zilizopo.

Kuhusu sheria, hatuko mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 na kanuni za mwaka 2024 za wajibu wa mzalishaji zinamtaka anayeingiza bidhaa nchini agharamie mwisho wake. Tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki zinazovuka mipaka zipate kibali cha nchi inayozipokea. Pengo ninaloliona ni kwamba mjadala wetu wote kuhusu magari ya umeme umekuwa wa betri. Sumaku haitajwi. Ingetosha kudai kwamba kila mota inayoingia iandikwe aina na uzito wa sumaku zake, jambo ambalo mtengenezaji analijua na halimgharimu ila mstari mmoja kwenye karatasi ya forodha.

Tusirudie pia kosa la Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya wezi wa nyaya na minara ya umeme. Wizi ulikuwa wa kweli, lakini marufuku iliwaangukia wenye mikokoteni waliokuwa wakiokota mabati. Iliondolewa baada ya miezi michache. Sumaku zikipata bei, wizi wa mota utajaribiwa, na jibu lake ni risiti na namba ya mota. Kufunga vibanda hakutasaidia.

Kampuni za boda za umeme tayari zina vituo vya kubadilisha betri kila upande wa jiji, na mwendeshaji hupita hapo kila siku. Mota iliyokufa ipokelewe kituoni hapo hapo, ipimwe, namba yake ifutwe kwenye mfumo, na anayeileta, awe mwendeshaji au fundi, atumiwe pesa kwa M-Pesa kabla hajaondoka. Kampuni zikianza na mota zao wenyewe, ndani ya mwaka mmoja tutajua ni tani ngapi hasa zinapatikana Nairobi, na mwanakemia atajua anajenga tangi la ukubwa gani.